Nilisema Ni Moshi

Jumatatu, 10 Machi

Upepo wa vumbi tangu asubuhi. Nimepanda mapaa manne leo hapa Kakuma, kufuta madishi kwa kitambaa. Huku kwetu dishi haliangalii pembeni. Limeegemea nyuma, karibu lilale chali, kwa sababu setilaiti yenyewe iko juu ya utosi wetu. Basi kila kinachodondoka kinaliangukia: vumbi, mavi ya kunguru, na mvua siku ikikumbuka kuja.

La mwisho lilikuwa dishi la Deeq, nililolifunga mwenyewe wiki jana juu ya hoteli yake. Ndiye mwenye ukumbi mkubwa wa kutazamia mpira upande huu wa barabara. Nikiwa juu nikamsikia Ekuru wa bodaboda akiwaambia wenzake kwa Kiturkana, makusudi nisikie: "Nakal amepanda. Sijui atashukia wapi." Wakacheka. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mitatu. Kazi hii nimeifanya miaka sita, mitano Lodwar chini ya mwalimu wangu Reuben, na bado nikiweka mguu kwenye ngazi watu husimama waone kama nitaanguka.

Alhamisi, 13 Machi

Vumbi. Joto. Sikupata kazi.

Jumamosi, 15 Machi

Mechi ilianza saa kumi na mbili jioni. Ukumbi ulijaa mpaka wengine wakakaa dirishani. Mawingu yalikuwa yamepanda tangu alasiri upande wa milima ya Pelekech, meusi kama chungu, lakini mjini halikuanguka hata tone. Dakika ya ishirini, mawingu yakiwa yametufika utosini, picha ikaanza kukatikakatika vipande vya mraba, sauti ikakwaruza, kisha kioo kikawa cheusi na maandishi kwamba hakuna mawimbi.

Deeq alimtuma dada yake Sahro, ambaye ndiye mpishi wa hoteli, aje anichukue chumbani kwangu. Nilipanda paa mbio. Dishi lilikuwa pale pale nilipoliacha. Nikaligusagusa, nikakaza nati ambazo hazikuwa zimelegea. Sikuona kosa. Chini yangu watu wote wa ukumbi walikuwa wametoka nje wakiniangalia.

"Dada Nakal," Deeq akaita. Ni mwezi wa Ramadhani, midomo ilikuwa imemkauka. "Uliniambia hii dishi ni mpya. Sasa ni nini?"

"Nilisema mimi," Ekuru akadakia. "Mambo ya dishi si kama kutunga shanga."

Kama ningesema sijui, lingeisha hapo: mwanamke hajui. Nikageuka nisiwaone usoni, na ndipo nikauona moshi. Nyuma ya ukuta wa hoteli anakaa Nyariek, mama mkimbizi wa Sudan Kusini, ambaye hukausha samaki kwenye pipa lililokatwa kati. Moshi wake ulikuwa unapanda wima, mweupe, mzito, ukipita karibu kabisa na dishi.

Nikaunyooshea kidole. "Ni ule moshi," nikasema. "Ukiwa mzito unakata mawimbi."

Jambo hilo sikuwahi kulisoma wala kuambiwa na mtu. Lilinitoka tu. Nyuso zote zikahama kutoka kwangu zikaenda ukutani, nami nikahisi kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni kichwani.

Deeq akaenda akamsihi Nyariek azime. Nyariek akaumwagia moto maji. Baada ya dakika kumi hivi mawingu yalisogea kuelekea Uganda, na picha ikarudi. Lakini mawingu nani aliyaangalia? Waliona moto umezimwa, wakaona picha imerudi.

Ekuru akanipigia makofi. "Fundi! Kumbe unajua!"

Jumapili, 16 Machi

Nyariek amekuja mlangoni kwangu asubuhi. Ni mrefu hata ikabidi ainame. Mkononi alikuwa na samaki amefungwa kwa karatasi.

"Fundi, mimi nasikia moshi yangu inakula picha ya watu."

"Kidogo," nikamwambia.

"Kidogo namna gani?"

"Ukiwa mwingi."

Akafikiri. Akasema hakujua, kwao hawana dishi, na kwamba kuanzia sasa atakausha asubuhi tu, na Jumamosi hatawasha kabisa. Akanipa samaki. Alikuwa mbuta wa ziwani, amekolea moshi mpaka kwenye mfupa. Nilimla mzima.

Jumatano, 26 Machi

Kazi mbili leo, zote za watu walioniita kwa sababu "ndiye yule fundi aliyegundua mambo ya moshi."

Jumanne, 1 Aprili

Idi imepita. Deeq amerudia uso wake wa kawaida, ananiita kunywa chai ya maziwa kila nikipita.

Jioni nilikuwa pale wakati wa taarifa ya habari. Nyariek alikuja akasimama mlangoni, haingii, amekunja mikono. Sahro ameniambia huja kila siku saa moja. Mama yake alibaki kwao, huko ambako vita vimerudi, na simu hazipatikani. Husubiri waseme jina la mji. Leo walisema mambo ya bungeni, mambo ya bei ya unga, na hali ya hewa. Akaondoka bila kuaga.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua ya kweli, ya kwanza mwaka huu. Ilikuja na upepo saa kumi, ikapiga mabati hata mtu hasikii mwenzake. Picha ilipotea mechi nzima. Pipa la Nyariek lilikuwa baridi, limejaa maji. Nililiona kwa macho yangu nikiwa juu ya ngazi.

Nilipoingia ukumbini nimelowa, nilidhani leo wataelewa wenyewe. Ekuru akasema, "Amewasha asubuhi, yule mama. Moshi umepanda umekwama huko juu kwa mawingu." Mzee mmoja akaunga mkono, akasema hata redio yake inakoroma siku hizi. Mwingine akasema hata simu.

Walinigeukia niseme. Nikasema, "Leo ni mvua pia."

Hilo neno "pia" hakuna aliyenilazimisha kuliongeza.

Alhamisi, 10 Aprili. Lodwar

Nimekuja kununua vichwa vya dishi, zile LNB zinazopokea mawimbi, na waya. Nimefikia kwa mama. Mchana nilikwenda dukani kwa Reuben, ng'ambo ya daraja la Turkwel. Amezeeka, miwani ameifunga kwa uzi, lakini mikono bado haitetemeki. Alikuwa amefungua dekoda ya mtu. Akanisalimu kwa Kiturkana.

"Ejok, Nakal. Kakuma inakulisha?"

"Ejok-nooi. Inanilisha, mwalimu." Nikakaa. Nikauliza kama mtu anayepitisha wakati: "Moshi unaweza kukata picha?"

Akacheka bila kuinua kichwa. "Moshi wa nini? Labda nyumba iungue na dishi ndani."

"Moshi wa jiko. Mwingi."

"Nakal, wimbi linapita kwenye moshi kama wewe unavyopita kwenye jua. Chembe za moshi ni ndogo mno, wimbi halizijui. Maji ndiyo adui. Tone la mvua linalinywa wimbi. Na si lazima ikunyeshee wewe. Wingu la mvua likisimama kati yako na setilaiti, basi, limekufungia mlango, hata kama unapoketi ni pakavu." Sasa akaniangalia. "Nani amekuambia moshi?"

"Watu."

"Watu," akasema, akarudi kwenye dekoda. Kisha: "Na kama picha inapotea hata kwa wingu dogo, usilaumu mbingu. Angalia kiungo cha waya pale kwenye kichwa. Ukikiacha bila kukifunga kinakunywa maji."

Nilijua saa ile ile. Siku ya kufunga dishi la Deeq tepu nyeusi ilikuwa imeniishia. Nilisema nitarudi kesho yake kufunga kiungo. Sikurudi.

Jumamosi, 12 Aprili

Barabara imekatika. Laga, ule mto mkavu, imeshuka na maji mekundu, malori yamepanga foleni pande zote mbili. Tumekaa toka asubuhi tukiangalia miti ikipita. Kuna gari la samaki la kutoka Kalokol nyuma yetu. Barafu yao inayeyuka, inatiririka chini ya magurudumu.

Jumapili, 13 Aprili

Nimefika Kakuma saa nne. Laga tuliivuka kwa miguu tukapanda gari la ng'ambo; lile la samaki liligeuza kurudi ziwani. Sikwenda hata chumbani, nilikwenda moja kwa moja kwa Deeq nikapanda. Nikafungua kiungo. Kulikuwa na maji, na shaba imeota kutu ya kijani. Kosa langu lilikuwa pale, la ukubwa wa ukucha.

Nikakata waya, nikaweka kiungo kipya, nikabadilisha kichwa, nikafunga tepu mizunguko mingi. Ubora wa mawimbi ulikuwa hamsini na kitu, ukapanda sabini na nane. Deeq alifurahi.

"Ilikuwa nini?"

"Nimeweka kichwa kipya," nikasema. Ni kweli. Kweli ya namna hiyo.

"Na yule mama naye ametusaidia kupunguza moshi," akasema Deeq. "Lazima tushukuru."

Nilikusanya spana zangu nikaondoka.

Alhamisi, 17 Aprili

Mawingu, hayakunyesha. Nilikutana na Nyariek kwenye mfereji wa maji. Akaniuliza kama picha sasa ni nzuri. Nikasema nzuri. Akasema, "Mimi nimesogeza pipa mbali, umeona?" Nimeona. Amelisogeza mpaka kwenye miti ya mathenge, juani, mbali na wateja wake.

Nilikuwa na nafasi. Tulikuwa wawili tu, na ndoo zilikuwa zinajaa polepole.

Jumamosi, 19 Aprili

Haya ni ya leo. Nitayaandika yalivyokwenda.

Gari la samaki halikuwa limefika wiki nzima kwa sababu ya laga. Leo limefika saa sita. Samaki walikuwa wamekwisha kulegea, macho yamekuwa meupe. Nyariek alichukua wake, akaja kwa Deeq. Nilikuwepo, nanywa chai.

"Leo Jumamosi, mimi najua. Lakini samaki hii hapana ngoja kesho. Kesho itakuwa mdudu."

Deeq akaniangalia mimi. Nyariek naye akaniangalia. Nikasema, "Washa tu, mama. Hakuna neno." Nilidhani nimetengeneza mambo.

Saa kumi na moja mechi ikaanza. Mawingu yakapanda tena Pelekech, makubwa kuliko siku ile ya kwanza, na ngurumo. Mjini jua lilikuwa bado linawaka. Picha ikashikilia nusu saa, kwa sababu kiungo sasa ni kizima. Kisha wingu likatufunika utosini na picha ikaenda. Timu ya Ekuru ilikuwa inakaribia kupiga penalti.

Mtu mmoja akasema, "Angalieni nje." Moshi wa Nyariek ulikuwa unapanda kutoka kwenye mathenge.

Walitoka kama maji ya laga. Ekuru mbele, wengine sita au saba, Waturkana na wakimbizi pamoja. Kwa hili hawakubaguana. Nilikimbia nyuma yao nikiita, "Ngojeni! Si moshi! Ni wingu!" Ekuru akajibu bila kugeuka, "Wewe ndiye ulitufundisha!"

Nyariek aliwaona akasimama mbele ya pipa. Hakupiga kelele. Alisema, "Fundi amesema niwashe." Ekuru akalipiga pipa teke. Lilipoanza kulala, samaki wote wakiwa juu ya wavu, Nyariek alifanya kile ambacho mtu yeyote angefanya kwa chakula chake: aliushika wavu. Aliushika kwa mkono wa kulia, kiganja kizima, chuma kikiwa kimeiva. Hakuuachia upesi. Nadhani alifikiri akiuachia wataingia mchangani wote.

Wakaingia mchangani wote.

Harufu yake sitaiandika. Watu mmoja mmoja wakaanza kurudi nyuma, wengine wakaondoka kabisa. Ekuru alibaki amesimama, mikono imemlegea. Sahro ndiye aliyefika na ndoo ya maji, akamshika Nyariek begani akamtumbukiza mkono. Mimi nilikuwa naokota samaki. Nilikuwa naokota samaki mmoja mmoja na kuwapangusa mchanga kwa nguo yangu, kama kwamba hiyo ndiyo kazi iliyobaki duniani.

Ndipo mvua ikanyesha.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Nimekwenda kanisani kwa sababu sikujua pa kwenda. Wenzangu walipopanga mstari kwenda kupokea komunyo, nilibaki kwenye benchi. Mama mmoja akanisukuma kwa kiwiko, akidhani nimesinzia.

Jumanne, 22 Aprili

Nyariek hayupo. Amefungwa mkono zahanati, kisha amechukuliwa na Nyakuoth, mtoto wa baba yake mdogo, anayekaa makazi ya wakimbizi ya Kalobeyei. Hakwenda kushtaki popote. Sahro alimwuliza, akajibu: "Nitasema nini? Watu yote wanasema ni moshi yangu."

Deeq ananung'unika kwamba hakupenda lililotokea, lakini pengine ni heri ameondoka, patakuwa na utulivu. Sahro alikuwa anasonga ugali. Akaacha mwiko kwenye sufuria.

"Deeq, jiko langu liko wapi?"

"Liko hapo."

"Liko chini ya dishi. Natumia kuni toka alfajiri mpaka jioni. Moshi wangu haukati picha?"

Deeq akasema huo ni mdogo. Sahro alinigeukia mimi, akaniangalia kwa muda, bila hasira. Anajua. Labda alijua tangu siku ya kwanza.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua. Picha imepotea wakati wa habari, na Nyariek hayuko, na pipa limelala kwenye mathenge. Nilisema moyoni: sasa basi wataelewa.

Mtu mmoja akasema kwamba wale Wakongo waokao mikate karibu na mfereji wamejenga tanuri jipya, kubwa. Mwingine akasema ndiyo, ameliona, lina dohani.

Ekuru alikuwa kwenye kona. Siku hizi haongei. Lakini wengine walikuwa wanaongea, wakipanga nani aende kuwaambia hao Wakongo.

Nimemwambia Sahro kesho aniazime debe la makaa.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimefanya.

Nilikwenda saa kumi, ukumbi ulipoanza kujaa. Mbingu zilikuwa safi. Nikamwambia Deeq nataka kupima dishi mbele ya watu. Aliponiona na debe la makaa na majani mabichi ya mkoma akaruka.

"Hapana! Hapana kwa paa yangu!"

"Mwache," akasema Sahro. "Mimi kila siku nawasha chini yake na hujawahi kuniambia hapana."

Nikafungua kwenye kioo ile sehemu ya dekoda inayoonyesha nguvu na ubora wa mawimbi, nikamwomba Sahro asimame mlangoni asome namba kwa sauti. Watu wakatoka nje, wengine wakabaki ndani kuhakikisha hasomi uongo. Nikapanda. Nikaweka debe chini kabisa ya dishi, nikajaza majani mabichi. Moshi ukatoka mzito, wa manjano, ukanichoma macho, ukalifunika dishi mpaka mimi mwenyewe sikuliona.

"Sabini na nane!" akaita Sahro.

Nikaongeza majani. Watu wa chini wakaanza kukohoa.

"Sabini na nane! Sabini na saba! Sabini na nane!"

Pale chini nikasikia kikohozi kimoja kimoja tu. Nikaliondoa debe. Nikachovya kipande cha gunia kwenye ndoo ya maji, nikakifunika kichwa cha dishi.

"Thelathini... kumi... imepotea!" Na ndani ya ukumbi wakaguna.

Nikashuka. Nikasimama mbele yao. Nikawaambia kwa Kiswahili, wote waelewe. Kwamba ni maji na mawingu ya mvua, wala si moshi, si wa Nyariek, si wa waoka mikate, si wa mtu. Kwamba siku ile ya Machi nilikuwa sijui, nikaogopa kusema sijui. Kwamba kiungo cha waya nilikiacha wazi mimi, kikanywa maji, na nilipogundua nikakifunga kimyakimya. Kwamba nilijua ukweli siku tisa kabla ya mkono wa yule mama kuungua.

Niliposema siku tisa, Ekuru akaja mbele. Nilidhani atanipiga.

"Siku tisa?" akasema.

"Siku tisa."

"Nimemvunjia mama wa watu jiko lake." Sauti ilimkatika. "Nilikuwa namsikia akisema fundi amesema niwashe, nikadhani anajitetea tu."

"Nilimwambia awashe, ni kweli. Nawe nilikwambia ni moshi, na hiyo pia nilisema mimi."

Akaondoka. Hakuwasha hata pikipiki, aliisukuma.

Deeq hakupandisha sauti. "Dada Nakal, chai yangu umekunywa. Kwa paa yangu usipande tena." Kuna mtu nyuma akasema, "Si tulisema, mwanamke." Neno lile nililolikimbia tangu mwanzo limenifikia, na mtu mwingine amelipia.

Jumatatu, 5 Mei

Hakuna kazi. Mvua kila jioni.

Ijumaa, 9 Mei

Hakuna kazi. Wakongo wanaoka mikate. Hakuna aliyewasumbua.

Jumatano, 14 Mei

Asubuhi pikipiki imesimama mlangoni. Ekuru. Hakunisalimu. Akasema, "Panda." Nikapanda. Nyuma alikuwa amefunga pipa jipya, amelikata mwenyewe, na wavu umekunjwa. Alinipeleka mpaka Kalobeyei.

Nyariek alikuwa ameketi nje kwa Nyakuoth, mkono kwenye bandeji. Ekuru alishusha pipa, akapiga magoti kwenye mchanga, mwanamume mzima, akasema, "Mama, nisamehe." Nyariek alimwangalia. Akasema, "Weka pale." Ekuru akaliweka pale.

Kisha nikasema yangu. Nilimwambia yote, hata samaki niliyemla huku nikijua simstahili. Hakunikatiza. Nilipomaliza, Nyakuoth aliacha kupepeta mahindi, na Nyariek akaniuliza.

"Hiyo maneno umesema Kakuma?"

"Nimesema. Mbele ya wote."

"Hapa hujasema."

Sikumwelewa. Ndipo Nyakuoth akaeleza. Nyariek alijaribu kuwasha jiko wiki ya pili, kwa mkono mmoja. Majirani wakaja kwa upole, wakasema wamesikia habari za Kakuma, na wao wana dishi lao moja pale dukani, la watu wote, wanaomba asiwashe. Amekaa bila kazi tangu hapo. Maneno yangu yalifika Kalobeyei kabla yake.

"Uongo yako inatembea kuliko mimi," akasema Nyariek. "Sasa wewe tembea nyuma yake."

Jumamosi, 17 Mei. Kalobeyei

Nimerudia kila kitu, mbele ya duka. Debe, majani, namba, gunia la maji. Ekuru ndiye aliyesoma namba. Moto aliuwasha Nyariek mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, akitumia njiti tano kabla haujashika. Watu walipoguna kwa mshangao yeye hakuguna. Alikuwa anaangalia nyuso zao, mmoja mmoja, mpaka akaridhika.

Nikasema maneno yangu. Nilidhani mara ya pili itakuwa nyepesi. Haikuwa.

Jumanne, 20 Mei

Bandeji imetolewa. Daktari amesema kidonda kimepona vizuri. Vidole viwili, cha kati na cha pete, havikunji. Amesema havitakunja tena.

Jumamosi, 31 Mei

Mvua zimepungua. Reuben amesikia, habari zimefika hata Lodwar. Amepiga simu. Hakunigombeza. Aliuliza, "Siku ile dukani, uliponiambia 'watu,' ni wewe?" Nikasema ni mimi. Akasema niende Juni, kuna kazi ya shule, madishi manane, atahitaji mtu. Nikamwambia nitakwenda, isipokuwa siku za Jumatano.

Jumatano, 4 Juni. Kalobeyei

Gari la samaki hufika huku Jumatano. Tangu ile wiki bandeji ilipotoka nakuja kugeuza samaki, kwa sababu koleo linataka vidole vyote. Ekuru hunileta, huniacha, hurudi saa kumi. Nyariek hukaa kwenye kivuli akipanga kuni kwa mkono wa kushoto na kunielekeza. Hanisemeshi sana. Habari za mama yake hajapata, na mimi siulizi tena.

Leo mbingu zilikuwa tupu kabisa, buluu, hata wingu la dawa hakuna. Moshi ulipanda ukaenda upande wa dukani, watu wakatazama televisheni yao, hakuna aliyeinua kichwa. Nikapata ujasiri.

"Mama, nije mpaka lini?"

Aliacha kuni. Akanyoosha mkono wa kulia mbele yangu, kiganja juu, ngozi imevutika inang'aa, akajaribu kuufunga. Vidole vitatu vikaja. Viwili vikabaki vimesimama.

"Mpaka hii ifunge," akasema.

Anajua alichosema daktari. Mimi pia najua. Akaurudisha mkono mapajani na kusema samaki wa ukingoni wanaungua. Nikachukua koleo, nikaanza na hao wa ukingoni.